Ngege Wachanga wa Ziwa George

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kasese huvuka Mfereji wa Kazinga penye daraja la Katunguru. Upande wake wa kulia, mwanzo wa mfereji huo, limetanda Ziwa George. Mstari wa Ikweta hupita humo. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 250, lakini kina chake kwa wastani hakizidi meta mbili na nusu. Maji ni ya kijani kwa wingi wa mimea midogo isiyoonekana kwa macho.

Ziwa lenye kina kifupi hubadilika upesi. Alfajiri joto la maji ni karibu digrii 25. Alasiri tabaka la juu laweza kufika digrii 35. Mchana ile mimea hutoa oksijeni tele. Usiku viumbe vyote huivuta, nayo hupungua. Dhoruba ikitibua tope la chini, oksijeni yaweza kwisha, na samaki wakafa kwa wingi.

Katika malezi magumu kama hayo hukua ngege, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sato. Mama huatamia mayai kinywani mwake, na watoto wakishaanguliwa huzidi kukimbilia humo waonapo hatari. Wakiisha kuachwa, hukaa ukingoni, penye maji haba na ya moto. Huko samaki wakubwa walao wadogo hawapendi kufika, kwa kuwa joto lile huwashinda. Oksijeni ipunguapo, wachanga hupanda juu na kupitisha katika matamvua yao yale maji membamba yanayogusana na hewa.

Hata hivyo, ustahimilivu huo una mpaka. Mwili wa samaki huzoea polepole. Badiliko la ghafla huua. Familia inayochukua vifaranga kwa ajili ya bwawa isiwamwage mara moja. Mfuko uelee kwanza bwawani mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane, kisha maji ya bwawa yatiwe mfukoni kidogo kidogo, na mwisho samaki watoke wenyewe.

Mwaka 2017 Serikali ya Uganda iliwatuma wanajeshi maziwani kuzuia uvuvi haramu. Mtu aweza kuuliza: askari ana kazi gani na samaki? Jibu li pale ukingoni. Kokoro lenye macho madogo likiburutwa penye maji haba, hukomba wale wale waliookoka joto la mchana na uhaba wa oksijeni wa usiku. Ngege mchanga amejaliwa kuyastahimili maji yabadilikayo. Wavu hana namna ya kuuzoea. Mvuvi anayewaacha wadogo leo huwawekea watoto wake kitoweo cha kesho.