Boston: Nilikokwenda Kumrudisha Mdogo Wangu

Mwezi Oktoba mwaka 2023 nilipanda ndege katika Kiwanja cha Kilimanjaro nikiwa na sanduku moja la nguo, majani ya chai ya nyumbani, na ujumbe mmoja wa ukoo. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwambie arudi, watoto wake wanamhitaji."

Anayesemwa hapo ni mdogo wangu wa kufuatana. Ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, tena ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa nchini. Kama wengi wenu mnavyojua, katika vyuo vikuu vyetu mhadhiri msaidizi hawezi kuwa mhadhiri kamili bila shahada ya udaktari. Basi mwezi Agosti 2021 aliondoka kwenda Boston, Marekani, kuisomea. Alimwacha binti wa miaka saba na mvulana wa miaka mitatu kwa baba yao na bibi yao mzaa baba. Mume hakuweza kufuatana naye, kwa kuwa visa ya mwenzi wa mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi kule, na nyumba hapa ilihitaji mshahara.

Miaka miwili ilipopita, yule mvulana alikuwa akimwita bibi yake "mama". Mama yake mzazi alimwita "mama wa simu". Mama mkwe alipotuambia hayo katika kikao cha ukoo, hakuna aliyecheka. Nami, kwa kuwa ni dada mkubwa, na kwa kuwa nilikuwa na likizo yangu ya mwaka, nikachaguliwa kwenda.

MJI WENYEWE

Nilifika kupitia Amsterdam nikiwa nimechoka. Boston ni mji wa zamani kwa hesabu ya Wamarekani, wenye nyumba nyingi za matofali mekundu. Mwezi Oktoba miti yake hugeuka rangi, majani yakawa mekundu na ya manjano kabla ya kupukutika. Chuo anachosoma mdogo wangu, Boston College, kilianzishwa na Wajesuiti mwaka 1863. Kipo juu ya kilima, mwisho wa njia ya treni ndogo ya umeme inayotoka katikati ya mji. Majengo yake ni ya mawe, na kengele za mnara wake mrefu husikika mbali.

Chumba chake kilikuwa kidogo kuliko jiko langu. Kitanda, meza, vitabu hadi sakafuni, na juu ya meza picha mbili za watoto. Pembeni ya picha kulikuwa na saa ya mezani ambayo niliona haiendi sawa na ya mkononi mwangu. Akaniambia, "Dada, hiyo ni saa ya nyumbani." Kule wakiwa saa tisa mchana, kwetu ni saa nne usiku na watoto wamelala. Kwa hiyo kila siku saa tano asubuhi alikuwa akiacha kazi yake yote, apige simu wakati watoto wamekwisha oga na kabla ya chakula cha jioni.

Usiku wa kwanza nilimpa ujumbe wa ukoo kama nilivyotumwa. Hakubisha. Aliniambia kwamba na yeye hulifikiria jambo hilo kila usiku, kisha akalia, nami nikalia naye. Tukalala bila kuamua neno.

UDAKTARI USIOTIBU

Nakiri kwamba kabla ya safari ile sikujua mdogo wangu anasoma nini hasa. Nyumbani tulisema tu "anasomea udaktari", na majirani wakadhani atarudi kutibu. Kumbe somo lake ni elimu ya mashirika, yaani kuchunguza jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja: nani anamwagiza nani, nani anaogopa kusema, kwa nini idara moja inafanya vizuri na ya jirani inaharibika ingawa mishahara ni ile ile. Nikamwambia, "Basi Yethro mkwewe Musa alikuwa mtaalamu wenu wa kwanza." Maana ni Yethro aliyemwona Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi.

Masomo hayo huchukua kama miaka mitano. Miaka miwili ya kwanza ni darasani, wakisoma vitabu na makala kwa wingi usioelezeka, pamoja na hesabu za takwimu. Halafu huja mtihani mkubwa wa kupima kama mtu ameielewa fani nzima. Akipita, huandika pendekezo la utafiti, hufanya utafiti wenyewe, kisha huandika tasinifu na kuitetea mbele ya walimu. Katika programu nyingi za aina hii mwanafunzi halipi ada, na hupewa posho, lakini huitolea jasho kwa kuwasaidia maprofesa katika utafiti na kufundisha. Wanaobaki Marekani wakapata kazi ya chuo hupimwa tena kwa kama miaka sita kabla ya kuthibitishwa, na anayeshindwa huondoka. Mdogo wangu alikuwa amepita mtihani wake. Lililombakia lilikuwa pendekezo, na alikusudia kufanya utafiti katika hospitali za pale pale Boston kwa sababu zilikuwa karibu. Hiyo ilikuwa na maana ya miaka mitatu mingine mbali na nyumbani.

SIRI YANGU YA WODINI

Siku moja, yeye akiwa darasani, nilichukua makala moja mezani pake nikasoma polepole na kamusi. Ilikuwa kazi ya mama mmoja, Amy Edmondson, aliyepata udaktari wake Harvard mwaka 1996. Alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali, akitazamia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi! Baada ya kuchunguza zaidi akatambua kwamba huenda wauguzi wa wodi zile hawakuwa wakikosea zaidi. Walikuwa wakisema. Katika wodi za woga makosa yalifichwa.

Akina mama, kitabu kilinianguka mikononi. Mwaka 2006, katika hospitali niliyoanzia kazi, niliingia zamu ya usiku nikamchoma mtoto sindano ya antibiotiki. Mama yake akaniambia kwa upole, "Nesi, mwenzako alikwisha mchoma." Mwenzangu alikuwa ametoka bila kuandika, nami sikuuliza. Nilikaa na mtoto yule usiku kucha nikimtazama anavyopumua. Mungu alisaidia, hakudhurika. Lakini sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu wiki chache nyuma muuguzi mwingine alikuwa amefokewa mbele ya wagonjwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kwa miaka 17, na wodi yetu haikujifunza kitu.

Jioni ile nilimsimulia mdogo wangu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza maswali: Zamu ilikabidhiwa vipi? Mlikuwa wauguzi wangapi? Nani alikuwa na kitabu? Kwa mara ya kwanza mtu aliniuliza juu ya kosa lile bila kunihukumu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya elimu yake.

NYAYO ZA WENGINE

Jumamosi alinipeleka mtaa wa Roxbury, mahali ilipokuwa hospitali ya wanawake na watoto iliyoanzishwa mwaka 1862. Siku hizi ni kituo cha afya cha wananchi kiitwacho Dimock. Kwangu mimi muuguzi pale ni kama hija. Hapo ndipo Linda Richards alipohitimu uuguzi mwaka 1873, akahesabiwa kuwa muuguzi wa kwanza wa Marekani aliyesomea kazi hiyo. Na hapo ndipo Mary Mahoney alipohitimu mwaka 1879, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo nchini mwao. Mary alikuwa amekwisha pita miaka thelathini alipopokelewa shuleni. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika hospitali ile ile, akipika, akifua na kusafisha. Nilisimama mbele ya majengo yale ya matofali nikamtazama mdogo wangu, mwenye miaka 36, akipuliza mikono yake kwa baridi.

Njiani kurudi alinisimulia habari za Mary Parker Follett, aliyezaliwa jirani ya Boston mwaka 1868, akafariki mwaka 1933. Huyu hakuwa na shahada ya udaktari. Alifanya kazi ya kujitolea katika mitaa ya Boston, akishughulika na kufungua majengo ya shule jioni yatumike na wananchi, na katika kazi hiyo akajifunza mambo ambayo wasomi wa uongozi wanayafundisha hadi leo. Alisimulia kwamba siku moja katika maktaba ya Harvard yeye alitaka dirisha lifungwe na mwenzake alitaka liwe wazi. Hawakugombana, wala hawakulifungua nusu. Walifungua dirisha la chumba cha pili kilichokuwa kitupu. Mwenzake alipata hewa, naye hakupigwa na upepo.

Usiku huo sikupata usingizi. Karibu na alfajiri nikamwamsha: "Mdogo wangu, ukoo unataka urudi, wewe unataka umalize. Kwani wauguzi wako Boston tu? Hospitali zetu hazikabidhiani zamu?"

Aliketi kitandani akanyamaza muda mrefu. Saa tano asubuhi tulipiga simu. Shemeji alisikiliza yote, kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Dada, mimi sikuwahi kusema aache. Nilitaka mtu aniambie lini." Mama mkwe alipopewa simu aliguna tu, akauliza kama mkwewe anakula vizuri.

ALIPORUDI

Haikuwa rahisi. Ilimbidi aandike pendekezo upya, amshawishi mwalimu msimamizi wake, alitetee, kisha aombe vibali vya utafiti hapa nyumbani. Mwezi Septemba 2024 alirudi kwa mwaka mmoja, akachunguza jinsi wauguzi wanavyokabidhiana zamu. Asubuhi alikaa wodini na daftari lake, jioni alikuwa jikoni kwake.

Siku ya kwanza yule mvulana alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Ilimchukua wiki tatu kukubali kuogeshwa na mama yake. Binti, ambaye sote tulidhani hana shida, ndiye aliyekuwa na hasira zaidi, na alizitoa kwa kutosema. Hayo nayaandika ili asiwepo dada atakayedhani kwamba shahada hii haina gharama. Ina gharama, na sehemu yake hulipwa na watoto ambao hawakuulizwa.

Septemba 2025 alirudi Boston kuandika. Safari hii aliondoka tofauti. Alikaa na watoto wake mezani, akawachorea kalenda, akawaonyesha mwezi wa kurudi. Mama mkwe wake, ambaye ndiye hasa aliyebeba mzigo wa nyumba ile, alipewa msichana wa kumsaidia, jambo ambalo sisi ukoo tulipaswa kulifikiri tangu mwaka 2021 badala ya kuitisha kikao cha kulalamika.

Kwa hiyo, dada yangu msomaji, kama wewe ndiwe unayetaka kusoma, kaa na mumeo na wakwe mhesabu miaka yote kwa ukweli kabla ya kuondoka. Uliza mapema kama utafiti unaweza kufanyika nyumbani. Na kama wewe ni dada, wifi au mama mkwe wa anayesoma, kabla ya kumtumia ujumbe wa kurudi, uliza kwanza nyumba yake inahitaji nini.

Nami nilipotoka Boston nilimwomba muuguzi mkuu wetu dakika kumi katika kikao cha Jumatatu. Nikawasimulia wauguzi vijana habari ya sindano ile ya mwaka 2006. Walikaa kimya. Kisha mmoja, mgeni kabisa kazini, akainua mkono.