Barua Isiyokoma Safari

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umepata kuletewa katika simu ujumbe wa namna hii: Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, ameota ndoto; Kiyama ki karibu; wapelekee wenzako maneno haya upate kheri, na ukiyazuia yatakufika mabaya. Shangazi yangu, mtu mzima asiyekosa sala, alikesha usiku mmoja kwa kuwa salio lilikwisha na hakuweza kuupeleka mbele. Vijana wakacheka. Baba yao akasema simu ndizo zilizoleta balaa hili, akataka zifungiwe kabatini.

Hapo ndipo tarikhi inapotufaa, kwani barua hiyo ni kongwe kuliko simu zetu. Katika miaka ya 1880 ilikuwa ikisomwa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na mtaalamu wa Kiholanzi Snouck Hurgronje aliiandikia makala mwaka 1884. Mwaka 1908 ilizuka Lindi, ikaenea katika Tanganyika iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Haikuhitaji mtambo: watu waliinakili kwa mkono, wakapeana. Wajerumani, ambao vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa bado havijawatoka rohoni, waliingiwa na khofu kwamba huo ni mwito wa uasi. Miaka mingi baadaye Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika waraka mzima kuikanusha. Walakini haikukoma, ilipanda kila chombo kilichopita njiani, kama abiria asiyelipa nauli.

Basi, baba wa vijana wale akifunga simu kabatini, barua itarudi kwa kalamu. Lakini nao vijana wasemao kuwa hakuna kipya hawakusema kweli yote. Aliyenakili kwa mkono alikaa na maneno yale kitambo, wino ukikauka, na huenda akajiuliza kabla hajamaliza. Kidole hakingoji. (Nami nadhani huo ndio upya pekee ulio mkubwa, mengine ni mapambo.)

Na vyombo hivyo hivyo vilichukua kheri. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti lake Al-Islah mwaka 1932 ili watu wake wapate elimu kwa lugha waijuayo. Mwaka 1961 Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurikodi Qur'ani nzima kwa tartili, na sauti yake ingali ikisikika majumbani mwetu.

Wanavyuoni wa hadithi hawakuuliza maneno yameletwa kwa ngozi au kwa karatasi. Waliuliza: nani kakwambia, naye kayapata kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani? Utazame tena ujumbe ule, msomaji. Simu yenyewe hukuonyesha kuwa umepelekwa mara nyingi. Ulianzia kwa nani, haikwambii.