Milango Mifupi ya Kijitonyama

Mtu mzima akitaka kuingia kwenye msonge wa Wahaya pale Kijiji cha Makumbusho, lazima ainame. Mrefu atainama mpaka kiuno kilalamike, na asipoangalia atarudi nyumbani na majani kichwani. Mtoto wa miaka miwili anaingia wima. Hapunguzi mwendo wala haoni sababu ya kupunguza. Kabla hujapata pa kushika, yeye keshafika ndani gizani, anauliza nani anaishi humu.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kuhusu mahali hapa, na nitaitetea mbele ya mzazi yeyote wa Dar es Salaam anayejiuliza Jumamosi awapeleke wapi wanawe. Katika makumbusho yote ninayoyajua, hapa ndipo mtoto mdogo anakuwa mgeni rasmi na mkubwa anakuwa msindikizaji.

Kufika si kazi. Daladala za Makumbusho zinatoka pande nyingi za jiji, na makonda wanalitaja jina hilo kuanzia alfajiri mpaka usiku. Ajabu ni kwamba wengi wanaoshuka pale stendi hawajawahi kukanyaga ndani ya makumbusho yenyewe. Wanabadilisha gari, wananunua vocha, wanaondoka. Kijiji kipo hapohapo Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo, huku ghorofa zikizidi kuota pande zote. Kilianzishwa miaka ya 1960, nchi ikiwa bado na miaka michache tu ya Uhuru, kikiwa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza na gumu kutunza: zijengwe nyumba za asili za makabila mbalimbali, kwa udongo, fito na nyasi kama zinavyojengwa kwao, ndani viwekwe vyombo vyake, nje yapandwe mazao yake. Mvua na mchwa hawaheshimu urithi wa taifa, kwa hiyo usishangae ukikuta paa moja linaezekwa upya. Kwa mtoto hilo nalo ni onyesho, tena huenda likamvutia kuliko yote.

Msonge ndio pa kuanzia. Macho huchukua muda kulizoea giza lake. Kwanza unaona nguzo, kisha mwanga wa mlangoni unakuonyesha fito zilizofungwa duara juu ya duara, zikizidi kuwa ndogo mpaka kileleni. Nyasi za nje zinashuka hadi chini, hata huwezi kusema ukuta unaanzia wapi na paa linaishia wapi. Binti yangu alijilaza chali sakafuni akaanza kuzihesabu zile duara: moja, mbili, tatu, tano. Akarudia. Dada aliyekuwa anatutembeza alikuwa ameshaanza maelezo yake ya ukoo, akanyamaza, naye akainua kichwa kutazama juu. Tulikaa humo kuliko nilivyopanga, maana mtoto mdogo ukimtoa mahali kabla hajamaliza, utayalipia machozi yake mpaka getini.

Kwa Wachaga, walichokipenda watoto ni ng'ombe ambaye hayupo. Zamani kule mlimani mifugo ililala ndani pamoja na watu, upande mmoja wa nyumba ileile, na wanangu walipoelezwa hilo hawakuwa na swali la historia wala la mila. Mkubwa, wa miaka minne, alitaka kujua ng'ombe alikuwa anakojoa wapi. Swali zuri kuliko langu nililokuwa nimeliandaa! Jibu lake ndilo uchumi wote wa kihamba: samadi inazolewa kila siku inapelekwa migombani, mgomba unampa mtu ndizi na unampa ng'ombe majani na shina, na mzunguko unaendelea. Ukisimama pale karibu na mgomba unaweza kumwonyesha mtoto kwa kidole, na akaelewa.

Kwa Wanyakyusa, wanaokunwa na hadithi ni wazazi. Zamani mvulana akifika miaka 10 au 11 hivi alihama kwa baba yake, yeye na wenzake wa rika wakajijengea vibanda vyao pembeni, na kikundi hicho kikaja kuwa kijiji kamili cha wanaume na wake zao. Chakula waliendelea kwenda kula kwa mama zao. Mke wangu alimtazama mwanetu kwa jicho la hesabu, kisha akauliza kama utaratibu wa chakula ulikuwa wa lazima.

Nyumba ninayoipenda zaidi lakini ni tembe ya Wagogo, na hilo ni kwa sababu ya mama mkwe. Yeye ni wa Kongwa, amezaliwa na kukulia kwenye tembe, kwa hiyo siku aliyofuatana nasi ziara iligeuka ukaguzi. Alipiga ukuta kwa kiganja. Akatazama boriti. Akatoka nje, akarudi. "Tembe yenyewe ndogo hii, mkwe," akaniambia. "Ya baba ilizunguka zizi zima." Ndivyo zilivyo kweli: chumba kirefu kinachopinda kuuzunguka uwanja ambamo mifugo hulala, na juu yake paa bapa la udongo uliopigwa juu ya fito. Ni paa la nchi kavu, lingepata tabu na masika ya Dar es Salaam, ila kwa ukame wa Dodoma linafaa, tena lina kazi nyingine. "Huku juu tulikuwa tunaanika mlenda," bibi akamwambia mjukuu.

"Bibi, ulikuwa unapanda?"

"Nilikuwa napanda, nachapwa. Kesho yake napanda tena."

Kuanzia hapo watoto hawakumsikiliza mtu mwingine. Dada mtembezaji, kwa hekima, alijiunga na kundi la wasikilizaji. Nimesoma vibao vingi vya makumbusho maishani, na sijakiona kilichowahi kumwambia mtoto kwamba bibi yake alichapwa kwa kukwea paa. Kama una mzee nyumbani anayekubali kupanda daladala, mchukue. Mpe kiti mbele, mnunulie dafu, halafu kaa kimya.

Sitaki kuyadharau yale makumbusho makubwa ya mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Kwa mtu anayejua kusoma ni hazina. Humo ndimo inamosimuliwa habari ya Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey kule Oldupai Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Lakini mtoto wa miaka miwili na kabati la kioo ni mahasimu wa asili. Anachokiona ni uso wake mwenyewe kwenye kioo, anaulamba, na mlinzi anakutazama wewe. Wanangu waliyakubali meno ya Zinja, kisha wakahamia kwenye magari ya zamani, ikiwemo ile Rolls-Royce iliyotumiwa enzi za Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere, na hapo ndipo hamu yao ilipoishia. Nusu saa inatosha. Baada yake wavushe mkaingie Bustani ya Mimea iliyo jirani, waliyoianzisha Wajerumani, na mkibahatika mtawakuta tausi wakiranda. Tausi akifungua mkia, miaka milioni 1.75 inasahaulika papo hapo.

Habari za kale kama hizo mimi huzihamishia Kijitonyama. Pale kuna mchanga kati ya nyumba na nyumba, na mchanga unatosha kuelezea nyayo za Laetoli, zile zilizogunduliwa mwaka 1978 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda miaka milioni 3.6 iliyopita. Unamvua mtoto ndala, unatembea naye hatua chache, mnageuka kutazama. Huu wangu, huu wako. Sasa fikiria mvua isinyeshe, jivu lidondoke juu yake, watu wasije kwa muda mrefu sana. Mdogo alirudi akaukanyaga wake tena ili uzame zaidi.

Alasiri ni ya ngoma. Uliza mapema wanacheza saa ngapi, maana ratiba hubadilika. Ikiwa ni bugobogobo ya Wasukuma, kaa nyuma kidogo na mtoto umpakate, kwa sababu majembe yanarushwa juu kwelikweli na mtoto anayejua kutembea hujiona tayari ni mchezaji. Ngoma isiyo na majembe, mwachie. Hakuna atakayemfukuza uwanjani. Mchezaji mmoja alimsogelea wangu mpaka njuga za miguuni mwake zikawa usawa wa pua ya mtoto, akatikisa mguu mmoja, akasubiri. Mtoto naye akatikisa wake. Hakukuwa na njuga, lakini alitazama chini kuhakikisha.

Kubwa kuliko hizo ni Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, iliyoanza kufanyika hapa mwaka 1994. Jamii moja hupewa zamu ije ijionyeshe yenyewe: ngoma zake, mavazi, dawa, vyakula, wazee wa kusimulia. Ni shughuli ya watu hasa. Vyungu vinatokota, akina mama wanabishana kuhusu chumvi, vijana waliozaliwa Temeke na Sinza wanaisikia lugha ya babu zao ikipigwa kwenye kipaza sauti na kujifanya wanaelewa. Watoto wadogo wanapita kati ya miguu ya watu wakipokea vipande vya chakula kwa shangazi wasiowajua.

Wengi wetu tumezoea kuwapeleka watoto Sabasaba, pale uwanja wa Barabara ya Kilwa, au Coco Beach siku ya Idi. Nako kuna raha zake. Ila Sabasaba na mtoto wa miaka miwili ni kumshika mkono kutwa nzima huku kipaza sauti kikitangaza mtoto aliyepotea, mwenye fulana nyekundu, na kila mzazi akitazama chini kuhakikisha rangi ya fulana. Kijijini pale unaweza kumwachia mkono.

Nendeni saa tatu asubuhi kabla jua halijakomaa, au saa tisa mkasubiri ngoma. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, mchanga hautakipitisha; beba kanga, itakuwa mbeleko, mkeka na kitambaa cha kufutia maembe. Maji mengi. Dawa ya mbu kama mtakaa mpaka jioni. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, usipeleke noti kubwa.

Sisi tunasubiri zamu ya Wagogo. Mama mkwe amekwisha kutamka kwamba siku hiyo atakuja na mlenda wake mbichi kutoka Kongwa auanike juu ya lile paa, na atakayetaka kumzuia aandae barua rasmi.