Chaza wa Mikindani na uzi wa sweta ya shule

Ukitoka mjini Mombasa kwa matatu, ukavuka Makupa na kuipita Changamwe, Mikindani haiko mbali. Nyumba zimebanana hadi ukingoni mwa mikoko, na mbele ya mikoko ndiyo Hori ya Tudor. Fika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, uone chaza walivyong'ang'ania mizizi kwa mafungu. Vaa viatu, magamba yao hukata kama chupa iliyovunjika.

Wanafunzi wawili wa chuo kikuu niliofuatana nao walikuwa na panga butu na sufuria. Wanataka kujua chaza hawa wamebeba plastiki kiasi gani. Si mifuko na chupa zilizonasa matopeni, bali vipande visivyofika milimita 5, vingi havionekani kwa macho.

Chaza hahami. Maji yakijaa hufungua gamba, akayavuta ndani, akachuja chakula chake na kuyatoa tena. Ndiyo maana ni shahidi mzuri wa mahali anapoishi. Nawe mzazi fikiria hili: samaki tunampasua na kumtoa matumbo kabla ya kumpika, lakini chaza tunamla mzima, na vyote vilivyomo tumboni mwake.

Hori hii hupokea maji ya mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, na pia majitaka ya mitaa. Wengi wetu tukisikia plastiki tunawaza mifuko, ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Lakini watafiti waliopima kaa na chaza wa pwani yetu wamekuta zaidi nyuzi. Nyingine hutoka kwenye kamba na nyavu za uvuvi, nyingine kwenye nguo za poliesta kila zinapofuliwa. Sweta ya shule ya mwanao imo katika hesabu hiyo.

Kwenye maabara, nyama ya chaza hulowekwa katika potasiamu haidroksaidi mpaka iyeyuke, plastiki ikabaki. Kisha huchujwa na kutazamwa kwa hadubini. Taabu ni kwamba uzi wa shati la mtafiti mwenyewe unaweza kudondokea humo. Kwa hiyo huvaa makoti ya pamba, na huacha kisahani kitupu mezani. Nyuzi zitakazoanguka humo huonyesha ni kiasi gani kimetoka hewani, si kwa chaza. Laiti kila anayetutumia habari za kutisha kwenye simu angekuwa na kisahani chake.

Tukiwa bado matopeni, akatokea mama mmoja mtu mzima na ndoo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hao chaza mnawapeleka wapi?"

Wakamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mkishaandika kwamba wana plastiki, nani atanunua wangu?"

Aliyejibu ni yule binti. "Mama, tunayoyashtaki ni maji. Chaza wako hana kosa." Mama hakuonekana kuridhika, na sikumlaumu. Hao chaza ndio karo ya wajukuu wake.

Je, tuache kuwalisha watoto? Sayansi bado haijaweka kiwango cha plastiki ambacho mtu akikila atadhurika. Kwangu mimi hofu ya kwanza mahali penye majitaka ni vijidudu vya kuharisha, na hivyo huuawa kwa kuchemsha chaza hadi aive kabisa. Usimpe mtoto chaza mbichi, hata kwa ndimu. Plastiki haiondoki kwa moto, ila chaza akikaa siku moja au mbili katika maji safi ya bahari hutoa sehemu ya alivyovimeza. Nyumbani, nguo isiyochafuka haina haja ya kufuliwa kila jioni.

Mwezi ujao wanafunzi hao watakwenda Hori ya Mida, karibu na Watamu, ambako hakuna jiji lililobanana na mikoko, wapate chaza wa kulinganisha na hawa. Mama amewaagiza wampitie na majibu.