Nilisema "Ni Kweli"

Leo sina vichekesho. Kuna stori sijawahi kuisimulia hapa, na naitoa kwa sababu wiki iliyopita jirani yetu hapa Kiplombe, kijana wa miaka 18, alishikwa na kitu kidogo kuliko simu yako. Mamake akaja kwetu usiku na swali moja: "Kijana wangu, hiyo nayo ni kesi?"

Ni kesi, mathe. Najua kwa sababu ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka 19. Nimemaliza fomu foo, naosha magari Maili Nne nikingoja maisha yaanze. Ijumaa moja jioni tulikuwa watano nyuma ya kibanda, makarao wakaibuka. Wenye mbio walienda. Mimi nilibaki na begi ya rafiki yangu mgongoni. Ndani kulikuwa na kiko cha mbao, kisagio kidogo cha chuma na pakiti ya karatasi za kusokota. Bangi? Hata mbegu moja haikupatikana. Nikajiambia, hakuna bangi, hakuna kesi. Nitalala ndani usiku mmoja, kesho niko nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 haiangalii bangi peke yake. Kifungu cha 5 kinashika anayevuta. Kinashika pia aliyepatikana, bila sababu halali, mahali watu wanapokutania kuvuta. Na kinashika mwenye kiko au chombo chochote cha kutumia dawa hizo. Adhabu iliyoandikwa hapo ni faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Soma tena polepole. Unaweza kuwa huna kitu, umeketi tu base na wasee, na bado uko ndani ya hicho kifungu.

Cha kushangaza, mwaka 2022 Bunge lilipunguza adhabu ya bangi yenyewe. Ukiithibitishia korti kwamba ilikuwa ya matumizi yako tu, kifungo hakizidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Sasa linganisha na ile ya kiko. Mimi nilipofanya hiyo hesabu nilicheka, halafu nikanyamaza.

Kosa la pili: nilidhani baada ya saa 24 lazima waniachilie. Katiba, kipengele cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku ambayo korti haifanyi kazi, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, Jumatatu ndiyo yako. Nililala seli siku tatu, viatu vikiwa mto.

Humo ndani kulikuwa na mzee mmoja mpole, alinigawia mkate wake. Akaniambia, "Kijana, hakimu akikuuliza, sema ni kweli. Ukikataa utazungushwa mwaka mzima. Ukikubali unalipa faini, jioni unakula ugali kwenu." Sikuona ubaya wake. Hata leo sioni. Alikuwa ananionea huruma.

Jumatatu nikasimama kizimbani. Nilimwona mathe amekaa nyuma kabisa na ile leso yake ya kanisani. Karani akasoma mashtaka kwa Kiswahili, nikayasikia vizuri, halafu likaja swali ambalo kila mtu aliyewahi kusimama pale analijua: ni kweli au si kweli?

Nikasema, "Ni kweli."

Faini ilikuwa elfu kumi, au miezi mitatu. Sitalalamika, ningeweza kupigwa nyingi zaidi. Mathe aliuza kondoo wawili waliokuwa karo ya dadangu. Jioni nilikula ugali kwetu, vile mzee alivyosema. Hakuna aliyeongea mezani.

Mimi nilidhani imeisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Kama umekulia Eldoret unajua ndoto ya vijana wengi wa huku. Moi Barracks iko hapa kwetu, makurutu wa KDF hufunzwa hapo. Nilikuwa nakimbia kila asubuhi nikijiandaa. Moja ya masharti ya kujiunga ni usiwe na rekodi ya uhalifu. Nikaachana nayo, nikatafuta kazi ya ulinzi. Nako wakaitisha cheti cha tabia njema kutoka DCI. Nikaomba, nikapigwa alama za vidole, nikangoja. Kilipokuja kilikuwa na ile Jumatatu ndani yake. Kazi ikaenda kwa msee mwingine.

Baadaye wakili mmoja, binamu ya rafiki yangu, alinielezea nilichouza siku ile. Ningesema si kweli, upande wa mashtaka ndio ungebeba mzigo: kuonyesha kwamba nilijua kilichomo kwenye begi, na kwamba vile vitu vilikuwa vya dawa za kulevya. Karatasi za kusokota watu husokotea hata tumbaku. Ukweli wangu ulikuwa huu: nilishuku, lakini begi haikuwa yangu na sikuwahi kuifungua. Hakuna aliyewahi kuusikia, kwa sababu nilifunga kesi mwenyewe kwa maneno mawili. Na ukishakubali kosa, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 348, inakuachia rufaa ya adhabu tu, kama ni halali au imezidi.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunikosoa. Sitetei bangi. Nimewaona wasee wa mtaa wakipotea nayo. Lakini kumfunga mtu kwa sababu ya chombo hakumtoi mtu kwenye uraibu. Serikali yenyewe inalijua hilo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuna mpango wa afya wa kuwapa sindano safi watu wanaojidunga heroini, Pwani na Nairobi, ili wasiambukizane virusi vya ukimwi. Yaani mkono mmoja unakupa sindano, mwingine unaweza kukushika nayo. Na sheria ile ile ya 1994 inairuhusu korti kumpeleka mraibu kituo cha kurekebisha tabia kwa sehemu ya kifungo chake. Hiyo njia ndiyo ningependa tuisikie zaidi.

Yule jirani sikumwambia adanganye. Nilimwambia mamake kabla ya Jumatatu: mwambie ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili, ana haki ya kuomba dhamana. Mwambie asikubali kitu ambacho hajakielewa. Kusema si kweli si kumtukana hakimu. Ni kusema, basi nionyesheni.

Alisema si kweli. Alipewa bondi, na kesi bado inaendelea. Sijui itaishaje, na pengine atazungushwa mwaka mzima kama yule mzee alivyosema. Lakini jana asubuhi nilimwona akikimbia barabarani na wenzake, na sikumsimamisha.

Na wewe, kabla hujabeba begi ya mtu, ifungue kwanza uone.