Ilale au isilale?

Najua nimepotea humu karibu wiki mbili, tusameheane. Sikuwa naumwa, nilikuwa na msiba.... msiba wa flashi.

Ilikuwa hivi. Flashi yangu ilikuwa na mahojiano ya walimu sita niliowarekodi kwa ajili ya risachi yangu. Jumatatu jioni nikawa nakopi faili jingine kutoka kwenye laptopu ya rumeti wangu. Wenzangu wakaniita twende tukale, nikafunga mfuniko, nikachomoa flashi, nikaondoka zangu. Kumbe mashine ilikuwa imelala katikati ya kukopi! Kesho yake nachomeka, naambiwa flashi lazima ifomatiwe kwanza. Walimu wote sita, kwaheri. Na kopi nyingine sikuwa nayo (najua, najua, msinipigie kelele).

Kwa hasira tukaingia kwenye mipangilio, tukaiamuru isilale kabisa hata ikifungwa. Alhamisi rumeti akaitia kwenye begi akapanda daladala. Anafika mjini, anaitoa ina joto kama pasi ya mkaa, betri imekwisha. Aliporudi akaniuliza, "Sasa wewe dada, unataka ilale au isilale?" Sikuwa na jibu.

Nikamfuata jamaa mmoja anayesoma mambo ya kompyuta. Kumbe swali letu limewasumbua hata wanaotengeneza mifumo endeshi! Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa inaziomba programu ruhusa kabla ya kulala, na programu moja tu ingeweza kugoma. Matokeo yake ndiyo yale ya kwenye daladala. Kuanzia Windows Vista, iliyoingia madukani 2007, haki hiyo ikafutwa. Programu zinaarifiwa tu, zinapewa kama sekunde 2 za kujiweka sawa, basi.

Linux nayo ina utaratibu wake. Kwanza inagandisha programu zote, kwa kawaida inazisubiri mpaka sekunde 20. Halafu inapita kwenye draiva za vifaa. Draiva hata moja ikijibu kwamba kifaa chake kina kazi, zoezi zima linavunjwa na vilivyokwisha kulala vinaamshwa. Sawa, lakini kama mfuniko umeshafungwa, nani ataona kwamba imegoma?

Mimi ni mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo nikafikiria chumba cha mtihani. Msimamizi mzuri hanyang'anyi karatasi wakati mtoto yuko katikati ya sentensi. Anatangaza kwanza: zimebaki dakika tano. Lakini muda ukiisha, kalamu chini, hata kama kuna mmoja analia. Ukimsubiri huyo mmoja, darasa zima halitoki.

Basi na mashine ifanye hivyo hivyo. Kifaa chenye kazi kiruhusiwe kusema "subiri kidogo", ila kisiruhusiwe kusema "hapana" milele. Muda wake ukiisha, kazi isimamishwe mahali salama, ilale. Na ikishindikana kabisa ipige kelele, iseme ni nani aliyekataa, kabla mtu hajaitia kwenye begi. Kugoma kimyakimya ndiko kunakounguza betri, na kulala kimyakimya ndiko kulikoniulia walimu wangu.

Lakini na mimi nilikosea jamani. Skrini kuwa giza si sawa na kazi kwisha. Ningesubiri dakika mbili tu, ningetoa flashi kwa utaratibu wake, leo nisingekuwa napiga simu kuomba mahojiano upya. Wanne wamekubali. Mmoja kahama kituo. Wa sita hapokei simu, na sioni ubaya wake, maana alinipa saa nzima siku ya kusahihisha mitihani.

Haya, nakimbilia pindi la saa nane. Niambieni hapo chini: wewe ungekipa kifaa sekunde ngapi?