Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa: Majengo Yasiyopigwa Picha

Mgeni afikapo Mombasa na kamera shingoni huongozwa moja kwa moja mpaka Ngome ya Yesu. Hilo si kosa, kwa kuwa ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Akiisha kuipiga picha huingia Mji wa Kale, akapiga milango ya nakshi na roshani za mbao, na jioni hurudi alikofikia akidhani ameuona mji wote. Lakini kisiwa ni kidogo, na wengi wa watu wa Mombasa hulala ng'ambo ya maji. Huko nako yako majengo yenye habari kubwa, ila hayana mtu wa kuyaonyesha.

Njia za kutoka kisiwani ni tatu. Kusini mtu huvuka kwa feri mpaka Likoni. Magharibi hupita Makupa kwenda Changamwe. Kaskazini hupita daraja la Nyali akaingia Kisauni. Kila njia ina mambo yake, ingawa hayalingani kwa uzito.

Feri ya Likoni ilianza kazi mwaka 1937, na hata leo aendaye kwa miguu havushwi kwa malipo. Katika kivuko chenyewe ni vema kamera ibaki mkobani, kwa sababu askari huwa hawapendi kuiona. Kazi ya mpiga picha yaanzia juu ya kilima, nje ya barabara kuu, katika nyumba za Kiswahili zilizosalia. Nyumba ya namna hii haina siri: mbele pana baraza, kisha mlango, kisha ukumbi upitao katikati mpaka uani, na vyumba kulia na kushoto. Uzuri wake waonekana zaidi nyumba inapozeeka. Lipu ya chokaa ikibambuka, mifupa huonekana: nguzo za mikoko, fito zilizofungwa kwa kamba, na udongo uliochanganywa na vipande vya mawe ya matumbawe. Ukuta wa namna hiyo, ukipigwa picha saa moja na nusu asubuhi jua likiwa bado limelala, humweleza fundi wa leo kazi yote ya fundi wa jana. Saa sita mchana hauelezi kitu, kwa maana jua la pwani likisimama kichwani kila kivuli hutoweka.

Changamwe watu huijua kwa malori, moshi na njia ya kwenda uwanja wa ndege. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo, kabla ya kuwa la viwanda, lilikuwa la watu. Wachangamwe pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Taifa Tatu katika Waswahili wa Mombasa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ilibidi kwanza kuvuka maji ya Makupa ili kufika bara, na daraja la chuma likajengwa, likaitwa Salisbury kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza. Daraja hilo halipo tena. Baadaye lilijengwa tuta la mawe na udongo, nalo likaziba mkondo wa bahari miaka mingi, mpaka lilipofunguliwa daraja jipya mwaka 2022 ili maji yapate kupita. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya Changamwe: kitu hujengwa kwa chuma kana kwamba kitadumu milele, kisha katika umri wa mtu mmoja kikawa hadithi. Wazee hupenda kusimulia daraja la Salisbury walivyolisikia kwa baba zao, lakini sura yake yajulikana kwa kuwa wako watu waliolipiga picha.

Daraja la kwanza la Nyali nalo lilikuwa hivyo hivyo. Lilifunguliwa mwaka 1931, likielea juu ya maboya, na aliyepita alilipa ushuru. Mwaka 1980 lilifunguliwa daraja la saruji lililopo sasa, na lile la kuelea likaondoka. Anayevuka leo huingia upande wa Kisauni, na hapo ndipo panapostahili kukaa siku nzima.

Kitu cha kwanza ni kaburi. Mwaka 1844 Dakta Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina alikufa kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Walizikwa upande wa bara, Nyali, kukielekea kisiwa. Mwezi mmoja kabla ya msiba huo Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wanaofungua kamusi shuleni ni wengi kuliko waliokwisha kuliona kaburi.

Kutoka hapo si mbali mpaka Kengeleni. Utingo wa matatu hulitaja jina hilo mara mia kwa siku, na abiria hushuka, wakanunua mboga, wakaenda zao. Lakini kengele ipo kweli. Imo katika mnara wake kando ya njia panda, nao si mkubwa, hata mtu aweza kuupita miaka kumi akidhani ni kitu cha mapambo tu.

Habari yake ni hii. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumshawishi Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka huo. Manowari za Kiingereza zikazidi kukamata majahazi ya watumwa baharini, likatokea swali: watu hawa waliookolewa wakae wapi? Wengi walitoka mbali sana, Wayao, Wamakua na Wanyasa, na kuwarudisha kwao kulikuwa sawa na kuwarudisha mikononi mwa wawindaji. Mwaka 1875 CMS wakaanzisha makao yao hapa, yakaitwa Frere Town. Walikuwapo pia Waafrika walioitwa Wabombay, waliookolewa utotoni na kulelewa India, karibu na Nashik, kisha wakarejea Afrika kuwa walimu na mafundi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885.

Hawakukaa kwa raha. Watumwa wa mashambani, waliposikia habari za Frere Town, walitoroka wakakimbilia huko, na wenyewe wakakasirika mno. Kengele ililia kuwaita watu kazini na kanisani, na wenyeji husimulia kwamba ililia pia kuwaonya hatari ilipokuwa inakuja. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907.

Kanisa la Emmanuel lipo bado na lasaliwa. Chuo cha kufundishia makasisi kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. James Mbotela aliziandika habari za watu hawa katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025 baada ya kusikilizwa na Kenya nzima kwa miaka mingi, alizaliwa hapo hapo mwaka 1940.

Na hapa ndipo jambo la picha linapokuwa si mchezo wa wageni. Mgiriama ana kaya ya wazee wake. Mswahili wa Mombasa ana mtaa na jina la taifa lake. Mjukuu wa mtumwa aliyekombolewa hana mahali pa kurudi nyuma zaidi ya Frere Town. Hajui kijiji alikotekwa babu, na pengine hata jina la babu ni lile alilopewa siku ya ubatizo. Kanisa, kengele, makaburi na nyumba chache za kale ndizo hati yake ya ukoo. Sheria ya mwaka 2006 yampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa ukumbusho wa taifa, lakini nani atakayeombea hifadhi nyumba ya mwalimu wa kawaida yenye vyumba vinne? Ardhi ya Kisauni imepanda bei. Nyumba kama hiyo yaweza kubomolewa asubuhi moja, na mwaka ujao pakasimama ghorofa tano.

Ghorofa hizo nazo zina habari yake. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, tena kwa kuchimba matumbawe yale yale ambayo mafundi wa zamani waliyachoma kupata chokaa. Tangu hapo kujenga kwa chokaa kumezidi kupungua, na fundi kijana aweza kumaliza nyumba kumi asiijue kazi ya tanuu. Ndiyo maana picha ya ukuta wa chokaa ni bora ichukuliwe karibu, pamoja na rula au kiganja cha mkono ili kipimo kijulikane, na nyuma yake yaandikwe mahali, tarehe na jina la mwenye nyumba kama akikubali. Kuomba ruhusa kwanza ni lazima; nyumba ya mtu si ngome ya serikali.

Mara nyingi mwenye nyumba, akiisha kuombwa hivyo, huuliza kwa nini apigiwe picha ukuta uliochakaa, akataka asubiriwe mpaka apake rangi. Kisha huingia ndani, na akitoka huwa ameshika picha nyingine, ya zamani, imekunjika pembe: watu wamesimama mbele ya baraza hiyo hiyo, na mlango ni ule ule.